Duka la Kariakoo kuuza mtandaoni: winga, WhatsApp, Instagram, Jiji au tovuti yako?

Mwenye fremu Kariakoo anayejiuliza kama duka lake liingie mtandaoni, mara nyingi mzigo wake ulishaingia zamani bila yeye kuulizwa. Fungua Instagram au TikTok, andika "magauni Kariakoo", pitisha kidole taratibu. Usishangae kukuta gauni lako, limetundikwa kwenye hanga yako, nyuma inaonekana feni yako ya ukutani, na bei imepanda elfu kumi. Aliyeposti ni winga. Hana fremu, halipi mlinzi wala hela ya taka; ana simu yenye kamera nzuri, bando na mdomo. Mteja akishatuma hela, winga anakuja mbio dukani, anakulipa bei mliyozoeana, anatia gauni kwenye mfuko, anamkabidhi boda. Umeuza, hilo halina ubishi. Ila mteja yule akitaka gauni la sikukuu, atampigia nani?

Njia zote nitakazozitaja hapa nitazipima kwa swali hilo. Watu wengi hulinganisha kwa idadi ya wafuasi na gharama ya kuanzia. Si vibaya, lakini mtu mwenye duka tayari, mwenye mzigo na kodi ya kulipa, ana mambo mawili mazito zaidi ya kuangalia: namba ya mteja inabaki kwa nani, na hela inaingiaje kabla boda hajaondoka na mzigo. Anayeanza bila duka ana hesabu zake nyingine, simgusi leo.

Kumwachia winga

Njia hii haina gharama, na ndiyo iliyozoeleka. Wenye maduka wengi huilalamikia huku wakiitegemea. Siku mbaya, winga watatu wakipita na oda zao, umepata hela ya kula na ya umeme. Anajua kuongea na mteja saa tano usiku wakati wewe umelala. Anajua ni rangi gani inatoka mwezi huu kabla hujaagiza.

Ubaya wake uko kwenye ahadi. Winga anaweza kumwambia mteja kiatu ni cha ngozi, wewe hukusema hivyo hata siku moja. Kikichanika, mteja anaelekezwa dukani kwako akiwa amefura, na hapo utafahamiana naye kwa mara ya kwanza kwa ugomvi. Na namba yake huna.

Sishauri umfukuze. Nashauri upange bei tatu na uzisimamie: ya jumla, ya winga, na ya rejareja, na hii ya mwisho ndiyo utakayoiandika mtandaoni. Wengi wanaoingia mtandaoni kwa pupa huposti bei ileile wanayompa winga. Winga anaiona, wateja wake wanaiona, na ndani ya wiki amehamia duka la jirani na oda zake zote. Ukurasa wako wenye wafuasi mia mbili hauwezi kuziba pengo la mawinga kumi wanaochukua kila siku. Bei yako ya mtandaoni ikae sawa na ile mawinga wanayomuuzia mteja, au karibu yake. Faida ya ziada ni yako, nao hawana sababu ya kununa.

WhatsApp: kaunta ya pili

Kwa duka ambalo tayari lina wateja, WhatsApp Business ndiyo mahali pa kuanzia, na kwa maduka mengi inatosha kabisa kwa miezi ya mwanzo. Ni ya bure na hakuna mteja wa kufundishwa kuitumia. Katalogi yake inabeba hadi bidhaa 500, kila moja na picha, bei na maelezo. Mteja anachagua, anaweka kwenye kikapu, anakutumia oda. Kuna majibu ya haraka, kwa hiyo huandiki mara arobaini kwa siku kwamba mpo mtaa gani na mnafunga saa ngapi. Kuna lebo: huyu amelipa, huyu anasubiri boda, huyu mzigo wake unaenda mkoani.

Gharama yake halisi ni mtu wa kujibu. Oda ya kawaida ya Dar huenda hivi:

"Habari, hii bei gani?"
"Salama dada, karibu. 40,000."
"Saizi 14 ipo?"
"Ipo, nyeusi na maruni."
"Nitumie picha halisi, sio ya mtandaoni."
"Sawa dada, napiga sasa hivi."
"Mnaletaje Segerea?"

Kati ya ujumbe wa kwanza na wa mwisho, mteja huyo ameshauliza maduka mengine mawili. Anayejibu kwanza akiwa na picha halisi ndiye anayeuza, hata kama kazidi elfu mbili. Kama dada wa dukani ndiye huyohuyo anayekunja nguo, anayepokea hela na anayemwangalia kibaka mlangoni, WhatsApp yako itakuwa na meseji zenye tiki mbili za bluu zisizo na jibu, na mteja wa hivyo harudi. Akaunti moja inaweza kuunganishwa na vifaa vingine hadi vinne, kwa hiyo mtu mwingine anaweza kujibu akiwa nyumbani kwa kompyuta huku simu yenyewe iko kwa bosi.

Na hapa kwenye simu yenyewe pana jambo ambalo wengi hulipuuza. Laini za simu nchini husajiliwa kwa alama za vidole na kitambulisho cha NIDA. Laini ya duka imesajiliwa kwa jina la nani? Ukiuliza vizuri utakuta ni ya shemeji, au ya binti aliyeajiriwa kwanza. Siku binti anaondoka, anaondoka na wateja wote, mazungumzo yote, na pengine na hela zinazoingia kwenye namba hiyo. Laini ya biashara isajiliwe kwa jina la mwenye biashara au la kampuni, na uthibitisho wa hatua mbili uwashwe siku hiyohiyo.

Kasoro kubwa ya WhatsApp ni kwamba haikuletei mgeni. Anayekuja ni aliyeshapata namba yako. Kwa hiyo fremu ndiyo inayoilisha: namba iandikwe kwenye mfuko, kwenye bango, na isemwe mdomoni kwa kila anayelipa. "Dada, sevu namba yetu, mzigo wa saizi yako ukiingia nikutumie picha." Hilo la kusevu si mapambo. Orodha moja ya matangazo inafika kwa watu 256, na inampata yule tu aliyehifadhi namba yako kwenye simu yake. Stetasi nayo ni hivyohivyo, na inafutika baada ya saa 24.

Makundi ya wateja siyapendi. Kundi linabeba watu hadi 1,024, inavutia kusikia, lakini kila aliyemo anaziona namba za wenzake. Mshindani wako anaingia kama mteja, anachota namba zote, kesho anawatumia bei yake. Halafu kuna wa dawa za nguvu za kiume na wa mikopo ya haraka, ambao hawakosekani. Kumwingiza mtu kwenye kundi bila ridhaa yake pia kunakukaribisha kwenye Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Namba ya mteja umepewa kwa ajili ya oda yake, basi.

Instagram na TikTok

Huku ndiko mgeni anakotoka. Mtu aliyeko Mwanza au Songea ambaye hajawahi kukanyaga mtaa wa Kongo anaweza kuona abaya yako leo usiku na kukutumia hela kesho asubuhi. WhatsApp haiwezi hilo.

Lakini tuelewane: hapa Tanzania huwezi kumalizia mauzo ndani ya programu hizo. TikTok Shop haijafika kwetu, na Instagram haipokei malipo ya mteja wako. Kila oda itaishia kwenye WhatsApp au kwenye simu ya kupiga. Anayeniambia amechagua Instagram badala ya WhatsApp, najua hajaanza kuuza bado. Instagram ni barabara, WhatsApp ndiyo kaunta. Ukiwa na kimoja tu, kuna kinachopotea.

Sasa kuhusu "Bei DM". Najua sababu zenu. Hutaki jirani ajue bei, hutaki winga akasirike, unataka mteja aanzishe mazungumzo ili umshawishi. Bado nasema andika bei. Mnunuzi wa Dar amechoka kuomba bei ya kitu ambacho kiko mbele ya macho yake. Anahisi kwamba ataangaliwa picha yake ya wasifu kwanza ndipo atajiwe bei, na mara nyingine hakosei. Jirani bei yako anaijua tayari, alimtuma mtu jana. Ukiandika 40,000, wanaokuja ni wenye 40,000 au wanaoomba upunguze hadi 37,000. Wenye 15,000 hawakupotezei muda. Kama wewe ndiye unayejibu simu, utaona tofauti mapema.

La pili ni picha. Picha za mwanamitindo wa Kichina alizokutumia msambazaji zinapendeza, ila kila mtu ameshaona ule utani wa "nilichoagiza" na "nilichopokea". Hapa mwenye fremu ana silaha ambayo muuzaji wa chumbani hana. Piga video inayoanzia kituo cha mwendokasi cha Gerezani, ipite mtaani, iingie ndani mpaka kwenye rafu. Kelele za matangazo ya vipaza sauti usiziondoe. Mteja wa mkoani akiona jengo, bango na mtu amesimama mlangoni, anajua kwamba akidhulumiwa kuna mahali pa kumtuma binamu yake. Video hiyo ikae juu kabisa ya ukurasa.

Kwa nguo, viatu, urembo, mapazia, vyombo vya jikoni na chochote kinachopendeza kwa macho, TikTok na Instagram hakuna mfano wake. Kwenda laivu dukani jioni kunauza, hasa siku mzigo mpya umefunguliwa. Kwa vipuri vya gari au vifaa vya mabomba, utapata watazamaji wengi na wanunuzi wachache. Matangazo ya kulipia mara nyingi yanahitaji kadi ya benki au kadi ya mtandaoni, na yana tabia ya kumeza hela ya mtu asiyejua anamlenga nani. Anza na mkoa mmoja na bidhaa moja. Nenosiri la ukurasa lisijulikane na kila aliyewahi kukusaidia kuposti.

Jiji na masoko mengine ya mtandaoni

Anayeingia Jiji ameshaamua anachotaka: friji ya milango miwili, laptopu, simu iliyotumika, sofa, gari. Anaandika jina la kitu, anapanga kwa bei, anapiga. Tangazo la bure lipo, na la kulipia hupandishwa juu. Kwa duka la elektroniki au fenicha, hii ni njia nzuri kuliko Instagram, kwa sababu anayekupigia ana hela mkononi. Kwa duka la nguo, sikushauri upoteze jioni zako huko.

Ubaya ni kwamba tangazo lako limekaa katikati ya ishirini yanayofanana nalo, na macho ya mteja yanakimbilia namba ndogo. Duka linalolipa kodi na kutoa risiti linashindana na mtu anayeuza friji ya kaka yake aliyehama. Kwa hiyo tangazo lako liseme kile asichokuwa nacho yule: risiti, waranti, fundi, na duka la kuja kukagua.

Kuhusu kuegemea soko la mtu mwingine, Jumia ilitufundisha. Ilifunga biashara zake Tanzania Novemba 2019, na aliyekuwa akiuza kupitia Jumia peke yake aliamka hana duka wala orodha ya wateja wake. Kikuu, programu ya kuagiza bidhaa kutoka China, kwa mwenye duka ni mshindani zaidi kuliko njia ya kuuzia: mteja anaona kitu kilekile kwa bei ya chini, ila anasubiri kisafiri. Ushindi wako ni neno moja, "leo". Liandike.

Tovuti yako mwenyewe

Wauza tovuti watakuambia kila biashara inahitaji tovuti. Mimi nasema duka moja kati ya mengi Kariakoo linaihitaji, na mwenye duka hilo huwa anajijua.

Ni huyu. Anauza vipuri Gerezani, ana vitu elfu mbili, kila kimoja kina namba yake, na bei hazibadiliki kila wiki. Mteja wake hatembezi kidole TikTok. Gari limeharibika Morogoro, anaandika kwenye Google "brake pad za Toyota IST bei". Au anauza vifaa vya ofisi na shule, anaombwa nukuu ya bei na taasisi ambazo haziwezi kuagiza kwa stetasi. Hawa, tovuti yenye anwani ya .co.tz inawapa uzito na inaleta wageni wasiolipiwa tangazo. Muuza madera ambaye mzigo wake unabadilika kila kontena likishuka atapiga picha mpaka achoke, na mteja akibofya ataambiwa kimeisha.

Kitaalamu, machaguo ya kawaida ni mawili. WordPress na WooCommerce, nyongeza yake ya duka: programu ni ya bure, unalipia anwani na mahali pa kuihifadhi, na unahitaji fundi wa karibu. Shopify: rahisi kuendesha, ila ada yake ni ya kila mwezi kwa dola, na huduma yake yenyewe ya malipo haifanyi kazi Tanzania. Kote kuwili utahitaji kampuni ya hapa ya kukupokelea malipo ya simu na kadi, kama Selcom, Pesapal, AzamPay au ClickPesa. Mteja anaweka namba yake, ombi linatokea kwenye simu, anaweka PIN, imekwisha. Ila ili wakufungulie akaunti watataka makaratasi: TIN ya mlipakodi, usajili wa biashara BRELA, leseni. Bei ziandikwe kwa shilingi. Kanuni za Machi 2025 zinakataza kutaja bei za bidhaa za ndani kwa fedha za kigeni.

Jambo moja la kulisimamia kwa macho makavu: anwani ya tovuti isajiliwe kwa jina lako, si la fundi. Fundi akihama mji au mkigombana, utakuta mlango wa duka lako una kufuli la mtu mwingine.

Kabla hujatumia hata shilingi kwenye tovuti, jisajili kwenye ramani ya Google. Ni bure. Anayeandika "duka la mapazia Kariakoo" anakuona, anaona picha, namba ya simu na saa za kufungua. Kwa maduka mengi hapo panatosha.

Alipe kwanza au alipe mzigo ukifika?

Ugumu wa kuuza mtandaoni Dar uko hapa kuliko kwenye programu yoyote. Nchi ambayo kila mtu ameshapokea meseji ya "ile hela tuma kwenye namba hii" haiwezi kuwa na wanunuzi wanaotuma hela kwa watu wasiowajua bila kusita. Mteja anataka aone mzigo ndipo alipe. Wewe unataka hela ndipo boda aondoke. Wote mna haki.

Tufanye hesabu ya mfano. Gauni unalinunua 28,000, unaliuza 40,000, faida 12,000. Boda hadi Segerea tuseme 5,000, na akirudi na mzigo uliokataliwa anataka 3,000 juu yake. Ukituma oda kumi kwa utaratibu wa kulipa ukipokea, saba wakachukua na kukulipa nauli, watatu wakakataa au wakazima simu: umepata 84,000, umepoteza 24,000, umebaki na 60,000. Ukisisitiza walipe kwanza, huenda kati ya wale kumi wanne tu ndio watakaotuma: 48,000. Kwa gauni, basi, kulipa ukipokea kunashinda pamoja na hasara zake. Lakini weka chaja ya simu yenye faida ya 3,000 kwenye hesabu ileile. Mteja mmoja akikataa, amekula karibu faida ya wateja watatu. Vitu vidogo vilipwe kwanza au viuzwe kwa pamoja.

Njia ya kati ambayo maduka mengi yameikubali ni hii: mteja anatuma nauli ya boda kwanza, hela ya mzigo analipa akishauona. Asiye na nia hatumi hata hiyo elfu tano. Mwenye nia haoni shida, kwa sababu akidhulumiwa amepoteza nauli tu. Kwa mikoani hakuna mjadala, analipa yote kabla. Mzigo ukipanda basi pale kituo cha Magufuli, Mbezi, unampigia picha risiti ya kifurushi na namba ya basi, unamtumia na simu ya ofisi ya basi atakakopokelea.

Pokea kwa Lipa Namba, usipokee kwa laini binafsi. Jina la biashara linatokea kwenye simu ya mteja kabla hajaweka PIN, na hilo jina linafanya kazi kubwa kuliko maneno yako yote ya "sisi ni waaminifu". Mteja wa M-Pesa, Airtel Money, HaloPesa au Mixx by Yas, ile iliyokuwa Tigo Pesa, anaweza kukulipa hata kama Lipa Namba yako ni ya mtandao mwingine. Na usiachie mzigo kwa skrinshoti wala kwa meseji iliyosambazwa. Angalia salio lako mwenyewe. Risiti ya EFD itoke kwa oda ya mtandaoni kama inavyotoka kaunta, TRA haitofautishi.

Kwa boda, tafuta wako wawili au watatu unaowajua kwa sura na kijiwe, halafu Bolt au inDrive wawe wa dharura. Anwani za makazi zilibandikwa mitaani mwaka 2022, lakini boda bado atapiga simu aulize "upo upande gani wa duka la Mangi?" Mwambie mteja atume lokesheni kabla pikipiki haijawashwa. Kigamboni na Bunju ziwe na nauli yake iliyoandikwa, si ya kukisia. Siku za masika Jangwani ikijaa maji, usiahidi "ndani ya saa moja" kwa mtu wa Magomeni.

Intaneti ikikatika

Oktoba 4, 2021, WhatsApp, Instagram na Facebook zilizimika duniani kote kwa takriban saa sita. Mei 12, 2024, nyaya za baharini zilipata hitilafu na intaneti ya nchi nzima ikayumba. Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi, intaneti ilizimwa kwa siku kadhaa. Mwenye duka anayeishi kwa Instagram tu, siku hizo hakuwa na njia ya kumfikia hata mteja mmoja. Aliyekuwa na daftari la namba angeweza kupiga simu ya kawaida, na hela ya M-Pesa kwa *150*00# haihitaji intaneti.

Na wale wanaosema fremu ndiyo salama, fremu nayo hufungwa. Soko Kuu liliungua Julai 2021. Juni 2024 wafanyabiashara wa Kariakoo waligoma na maduka yakafungwa. Novemba 2024 ghorofa liliporomoka, na maduka ya jirani yakakaa siku bila kufunguliwa. Kwa hiyo, namba za wateja zinakiliwe kila Jumamosi mahali pengine nje ya simu, na mzigo kiasi uwekwe stoo mtaa mwingine.

Fremu ibaki au iachwe?

Duka la nguo na urembo: WhatsApp na TikTok, mawinga wabaki. Elektroniki na fenicha: Jiji na ramani ya Google, WhatsApp ya kumalizia. Vipuri na jumla ya mikoani: WhatsApp kwanza, tovuti mwaka ujao. Ndivyo ningechagua.

Kuachia fremu kabisa ni hadithi nyingine. Kodi ya Kariakoo mara nyingi hulipwa miezi sita au mwaka kwa mkupuo, na kuna aliyetoa kilemba, hela ya kupewa nafasi, juu yake. Kuiacha kwa sababu oda za Instagram zimeshika kasi mwezi mmoja wa sikukuu ni pupa. Wengine huhamishia stoo nyumbani, Mbagala au Goba, ili waokoe kodi. Kodi wanaiokoa kweli, halafu wanagundua kwamba kila kilichoisha inabidi kifuatwe mjini, winga hafiki, na mteja wa Sinza anatajiwa nauli inayomkimbiza.

Ninachokiona kina akili ni kupanda ngazi: kutoka fremu ya chini barabarani kwenda ghorofa ya tatu au ya nne ya jengo hilohilo au la jirani. Kodi inashuka, boda wapo palepale chini, mawinga wanapajua, wauzaji wa jumla wako hatua chache. Anayenunua kwa simu hajali ngazi. Anayepotea ni mpita njia, na wewe unajua kwa daftari lako ni wangapi kwa siku. Hesabu miezi mitatu ya kawaida, isiyo na Idi wala Krismasi. Oda za simu zikilipa kodi ya juu na mshahara wa anayejibu bila kugusa hela ya kaunta, mwambie mwenye nyumba kabla mkataba haujaisha. Ukihama, hama na makaratasi pia: leseni, taarifa za TRA, na alama yako kwenye ramani ya Google, maana mteja wa Songea akimtuma binamu yake, binamu ataifuata alama hiyo.